Mpango wa Concessa wa Miaka Kumi

Mke wangu Concessa alisafisha ndege miaka kumi na tisa.

Alitoka nyumbani kwetu Rågsved, huku Uswidi, alfajiri, akapanda treni hadi Märsta, halafu basi la uwanja wa ndege. Abiria wakishuka, wasafishaji wanapanda na vitambaa na mifuko ya taka. Dakika wanazopewa ni chache. Wanafuta viti, meza ndogo, choo. Halafu kuna ule mfuko ulio mbele ya magoti ya abiria. Huo aliuchukia. Watu huacha humo maganda ya ndizi, soksi, na siku moja alikuta meno ya bandia. Aliyapeleka ofisini yamefungwa kwenye karatasi, na hakuna aliyekuja kuyadai.

Yeye mwenyewe hakusafiri. Tulipanda ndege mara moja, tulipotolewa kambi ya wakimbizi Tanzania kuletwa huku. Basi.

Mimi sikusoma. Kambini Concessa alinifundisha herufi, na hizi ninazoandika ni zake. Nitaandika kidogo.

Miaka kumi iliyopita alijiunga na chama cha watu wetu, kinaitwa Tushikane. Wamo Warundi, Watanzania, na Wakenya wachache. Unaweka krona mia mbili kila mwezi, miaka kumi. Ukimaliza unapewa zako pamoja na faida, na kodi haikatwi, kwa sababu mpango ni mdogo na chama kiliandikishwa hivyo. Ukiacha njiani unarudishiwa ulichoweka tu. Ukikosa Jumamosi tatu mfululizo, umeacha. Mwanachama akifa, mtu wa nyumbani mwake anaweza kumalizia.

Pesa inaletwa kwa mkono, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye ukumbi wa kanisa Hagsätra, kabla ya saa kumi. Kwa simu hawapokei. Wanataka kukuona uso.

Kuna jambo jingine. Siku ya kujiunga unamwambia katibu unaweka pesa kwa ajili ya nini. Anaandika, anatia kwenye bahasha, anagundisha. Inafunguliwa siku ya mwisho mbele ya wote. Concessa hakuniambia aliandikisha nini. Nami sikuuliza, maana nilikuwa namcheka. Nilikiita chama kile kibubu cha kanisa. Binti yetu Ghislaine, anayefanya kazi ofisini mjini, alipiga hesabu kwenye simu yake akasema kwa Kiswidi, kama kawaida yake na sisi, kwamba haifai. Benki ingezaa zaidi. Concessa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza yeye ameweka ngapi benki. Ghislaine akazima simu.

Concessa alifariki mwanzoni mwa Oktoba. Tumbo. Ilikuwa imebaki miezi minne mpango wake utimie.

Kwetu Burundi mtu aliyefiwa anakaa katika kilio mpaka ndugu wakusanyike, wanywe pamoja, watamke kwamba kilio kimetolewa. Ndiyo kuganduka. Kabla ya hapo hafanyi biashara, hanyoi ndevu, hashiki pesa za watu. Wala hakuna mwenye adabu atakayemtajia pesa. Kwa kawaida ni siku chache tu. Lakini kaka yake Concessa yuko Kanada, naye angefika Krismasi. Tukamngoja. Nikakaa ndani, ndevu zikaota.

Warundi wa chama walikuja kunipa pole kila wiki. Walileta maharage, wakafua mapazia. Kuhusu chama hawakusema neno. Wote walijua Oktoba imepita na Novemba imepita. Kila mmoja aliona aibu kuwa wa kwanza kusema.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa tisa kasorobo, simu ikalia. Alikuwa Truphosa, katibu wa chama. Truphosa ni Mkenya, na mambo ya kuganduka hayajui.

"Mzee, pole sana tena," akasema. "Lakini leo ni ya tatu. Usipokuja kabla ya saa kumi, nitafunga mpango wa mama. Mimi sitaki kuufunga. Uko na viatu?"

Nikamwambia viatu ninavyo.

Sikuwa na noti. Nchi hii nani bado anatembea na noti? Nikafungua kabati la Concessa, nililokuwa sijaligusa tangu alipoondoka. Chini ya sare yake ya kazi kulikuwa na kopo la biskuti. Ndani yake bahasha nne. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Kila moja mia mbili.

Alikuwa anajua. Aliziandaa akijua.

Nikatia bahasha tatu mfukoni. Halafu nikavaa koti.

Kutoka Rågsved hadi Hagsätra ni kituo kimoja. Treni ilichelewa kwa theluji. Nilifika ukumbini saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Watu wakanipisha njia waliponiona na zile ndevu.

Mezani alikuwa Roméo, mweka hazina, Mrundi mwenzangu, tuliyetoka naye kambi moja. Nikaweka bahasha tatu mbele yake. Akarudisha mikono yake magotini.

"Ndugu Vénant, wewe bado uko kwenye kilio. Mimi nitapokeaje pesa mkononi mwako? Unataka wanangu wapatwe na nini?"

Truphosa akamwambia kitabu cha chama hakina ukurasa wa ndevu. Roméo akamjibu kwamba Truphosa ndiye aliyempigia simu mfiwa, anyamaze kabisa. Wakabishana. Mwenyekiti Japhet, Mtanzania, mtu mpole, alikuwa anatazama saa ya ukutani. Akasema anaheshimu mila, lakini saa kumi ni saa kumi, na wenzetu wawili walishafungiwa mipango yao kwa sheria hiyo hiyo. Hawezi kuwa na sheria mbili.

Nilimwona Concessa na vitambaa vyake, anafuta meza ndogo, moja baada ya nyingine, miaka kumi na tisa.

"Roméo," nikasema, "Warundi humu ni wangapi?"

Akahesabu. Saba.

"Wanatosha kutoa kilio?"

Akafikiri. Kaka wa marehemu hayupo, akasema. Nikamwambia kaka atafika Krismasi na atakunywa tena, hajawahi kukataa kinywaji. Mtu akacheka nyuma. Roméo akajizuia, akashindwa, naye akacheka.

"Watu wanatosha," akasema. "Pombe iko wapi?"

Ukumbi ni wa kanisa, pombe hakuna. Ila ilikuwa Desemba, na jikoni yalikuwepo makreti ya julmust, ile soda nyeusi ya Krismasi ya Waswidi. Ukiimimina inatoa povu kama pombe ya mtama. Truphosa mwenyewe alikimbia akaileta kwenye bakuli kubwa la saladi, na mirija ya karatasi ya sherehe za watoto.

Tukazunguka bakuli. Wazee saba, mirija saba. Mirija ya karatasi inalegea upesi, kwa hiyo tulinywa haraka. Roméo akasimama, akavua kofia, akasema kwa Kirundi kwamba Concessa tumemlilia, ametulia, na mume wake arudi kwenye kazi za watu. Povu lilikuwa limemganda kwenye masharubu. Hakuna aliyemwambia.

Halafu akakaa, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea bahasha.

Saa kumi kasoro dakika mbili. Japhet akagonga meza. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mchungaji akaja kuchungulia.

Januari nilirudi nimenyoa. Nikaweka bahasha ya mwisho. Zilitoka krona elfu thelathini na mia mbili. Yeye aliweka elfu ishirini na nne. Truphosa akafungua bahasha iliyogundishwa miaka kumi, akasoma mbele ya wote:

"Tiketi mbili za kwenda Bujumbura kwa dada yangu Josiane. Vénant akae dirishani, maana tulipokuja nilikaa mimi."

Kweli. Alikaa yeye. Mimi nilikuwa nimesahau.

Watu huniuliza kama mpango huu unafaa. Ghislaine aliniambia benki ingefika elfu thelathini na sita. Inawezekana. Lakini benki haikumjua Concessa, wala isingenipigia simu kuniuliza kama nina viatu. Kwa mtu mdogo anayeweka kidogo, unafaa, akimaliza. Asiyeweza kumaliza asianze. Mimi naweka sasa, mia mbili kila mwezi. Nina miaka sabini na nne. Roméo ananiuliza nategemea kufika wapi. Nimemwambia asome bahasha yangu wakati ukifika.

Tiketi ya pili nilimpa Ghislaine. Akina mama wa chama walimcheka, yule aliyesema haifai. Yeye akachukua likizo.

Tuliondoka Machi. Mlangoni mwa ndege tulipishana na wasafishaji wakishuka. Mmoja wao, Clementina, alifanya kazi na Concessa, na nilikuwa nimemwambia namba ya kiti changu. Hakusimama, hawaruhusiwi. Akasema akipita tu: "Cha dirishani nimekifuta mara mbili, baba."

Nikakaa. Nikaingiza mkono kwenye ule mfuko wa mbele. Safi kabisa.

Ghislaine akamenya pipi, akataka kutia karatasi yake humo. Nikamshika mkono.

"Tia kwako mfukoni," nikamwambia. "Ukiiacha humo, kuna mtu atakuja kuitoa."

Akaitia mfukoni mwake. Ndege ikaanza kutembea.