Jina la Mkuu wa Kaya

Maximilla wa kule juu ya Murungu hajawahi kuwa mpole, na akitokea mtu kusema zamani alikuwa mpole, basi hamjui. Analima mihogo na maharage, amezaa saba, na kwa miaka ishirini na sita hakuwa amemtaja mumewe kwa jina. Alimwita Baba Pasikali. Si kwamba alimwogopa. Kwetu mke hataji jina la mumewe, na la baba mkwe ndiyo kabisa, hata nyumba ikiungua.

Mwaka tisini na tano wagonjwa walikuwa wameshaanza kuchangia matibabu. Wajawazito walisamehewa, tangazo lilibandikwa ukutani kwenye kituo cha afya na tukalisoma wenyewe. Ambalo hawakubandika ni kwamba ili usamehewe uandikwe kwanza kwenye daftari, na daftari linataka jina la mkuu wa kaya. Wewe mwenye tumbo hutoshi.

Kezia, mke wa Pasikali, alikuwa na mimba ya kwanza na anaishi kwa wakwe. Mimba ikiwa ya miezi mitano alikwenda kituoni peke yake. Karani Felisiani, mtu aliyeletwa kutoka Songea, akamwuliza mkuu wa kaya ni nani.

"Databukwe," Kezia akasema, yaani baba mkwe.

Felisiani akamwambia hilo si jina. Akauliza tena, na tena. Kezia akatazama miguu yake. Karani akaona huyu anaficha kitu, akamwambia alipe kama wengine. Kezia hana hela, akarudi, na asimwambie mtu. Miezi minne! Kila mwezi anaaga kwamba anakwenda kliniki, kumbe yuko kwa shangazi yake anapukuchua maharage.

Uchungu ulimshika Alhamisi asubuhi, wanaume wote wameshakwenda Kasulu kuuza. Maximilla alimfunga kanga kiunoni wakatembea zaidi ya saa mbili, wakisimama kila tumbo linapobana. Nesi Esteri alimpapasa, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu si wa kurudi nyumbani. Lakini bila karatasi ya karani hapandi kitanda. Felisiani akapekua daftari. Kezia hayumo.

Hapo ndipo Maximilla alipopata habari yote, nusunusu, katikati ya uchungu. Hasira zikamjaa asijue aanze na nani. Akamwonyesha Felisiani tangazo; akajibiwa tangazo ni la walioandikwa. Akamwambia aandike Baba Pasikali. Akajibiwa akina Baba Pasikali wako wengi, serikali inataka jina kamili. Akageukia foleni. Majirani watupu, wote wanamjua mzee, na hakuna aliyethubutu kumtajia mwenzake mume mbele ya mkwe. Mmoja akajifanya anamfunga mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameshafungwa vizuri.

Kezia akapiga magoti, ameshikilia mguu wa meza ya karani.

"Nkunzimana," Maximilla akasema. "Andika. Mkuu wa kaya ni Nkunzimana, na leo mkuu yuko sokoni, niliye hapa ni mimi. Andika upesi, mwanangu, au namzalisha juu ya hilo daftari lako."

Felisiani akaandika.

Esteri alihangaika na lile tumbo hadi alasiri. Alizaliwa msichana, mchovu, akakaa kidogo kabla ya kulia, halafu akalia. Kezia akaomba chai.

Maneno yalifika nyumbani kabla ya Maximilla. Baba Pasikali alimkuta jikoni akamwuliza, kwa sauti ya chini kwa kweli, kama ni kweli amemtaja mbele za watu.

"Nimekutaja," akasema, na wala hakuacha kusonga ugali. "Hutaki nikutaje, siku nyingine nenda ukazae wewe."