Kutafuta Mgahawa wa Kifaransa Dar es Salaam

Siku niliyoanza kazi kwenye meza ya maelekezo ya hoteli moja kubwa Dar es Salaam, mgeni wa kwanza kunijia alikuwa mama wa Kifaransa aliyevaa gauni la hariri na viatu vya raba. Aliniuliza ni wapi katika jiji lile angepata chakula kizuri cha kwao. Mimi nilikuwa mgeni kuliko yeye. Nimezaliwa Izimbya, nimekulia kwenye migomba na mibuni, na chakula cha Kifaransa nilikuwa sijawahi hata kukinusa. Nikamjibu, "Mama, sijui. Lakini nipe hadi kesho, nitakuwa ninajua."

Nyuma yangu alikuwa amesimama Msimamizi wa Mapokezi, Mzee Hamisi. Yeye ni mtu wa Bukoba mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa kwetu na asirudi tena. Ndiye aliyenikuta nikibeba mizigo ya wageni kwenye hoteli ndogo karibu na ziwa, akanichukua. Nilidhani atanirudisha Bukoba siku hiyohiyo.

"Umejibu vizuri," akasema. "Anayedanganya kwenye meza hii huharibu jina la nyumba nzima. Sasa vua hiyo beji uende ukajue."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Ninyi mnaofanya kazi za hoteli leo mtashangaa, kwa sababu siku hizi mgeni hufungua simu, akaangalia nyota walizopewa wapishi na watu asiowajua, akaenda. Wakati wetu mgeni alimtegemea mtu. Mtu huyo, konsiaji kama tulivyozoea kumwita, kazi yake ilikuwa kulijua jiji kwa niaba ya wengine: daktari wa meno, fundi wa saa, kanisa lenye misa ya Kifaransa, na zaidi ya yote, mahali pa kula. Hoteli ilinilipia chakula nilichokwenda kujaribu, na Mzee Hamisi alinitaka nikirudi nimweleze kwa mdomo, mimi nimesimama, yeye amefumba macho. Nikisema "kitamu" alifungua jicho moja. "Hata ubuyu ni mtamu," alikuwa akisema. "Niambie nini kiliingia kwanza kwenye sufuria."

Kuitambua migahawa ya Kifaransa kulinichukua muda. Mwanzoni nilivutwa na mapazia na glasi ndefu. Baadaye nikajifunza kuanzia soko la samaki la Feri, asubuhi. Wauza samaki walijua siri za majiko yote ya jiji. Walikuwa wakiniambia nani anatuma dereva kuchukua chochote kilichobaki, na nani anakuja mwenyewe, anafunua shavu la samaki na kukataa wanne kabla ya kununua mmoja. Huyo wa pili ndiye niliyemfuata. Nilikwenda kula siku ya Jumanne mchana, kwa sababu Jumamosi kila mpishi anajitahidi, lakini Jumanne mchana mpishi mbaya anakupashia moto kiporo. Nilianza na mkate. Mkate ukiwa wa jana, niliomba maji, nikashukuru, nikaondoka. Kisha niliangalia menyu. Menyu ndefu ni dalili ya friza kubwa. Mwisho nilionja mchuzi, maana kwa Wafaransa mchuzi ndio msingi wa nyumba. Huchemsha mifupa tangu asubuhi, polepole, wakiondoa povu, mpaka maji yote yanakuwa na nguvu. Anayeiruka kazi hiyo hawezi kukuficha, hata aweke siagi kiasi gani.

Mgahawa mmoja uliokuwa Upanga niliupata kwa njia hiyo. Ulikuwa nyumba ya kawaida, ukuta umeota ukungu, kibao kidogo kimefunikwa na mti wa mlangilangi. Ndani kulikuwa na meza chache. Mwenye mali alikuwa mzee wa Kifaransa ambaye kila mtu alimwita Mesie. Niliagiza supu ya vitunguu. Ni chakula cha wakulima wa kwao: vitunguu vinakaangwa taratibu mpaka vinakuwa na rangi ya kahawa, vinatiwa mchuzi wa mifupa, juu yake mkate na jibini inayochomwa mpaka inashika. Nilikuwa nimeshaila kwingi. Siku hiyo nilikula kijiko cha kwanza nikaacha kuandaa maneno ya kumweleza Mzee Hamisi. Nikala tu.

Nikaomba kumwona mpishi, nikitazamia Mfaransa mwingine. Akatoka mwanamke mrefu, amefunga kilemba cheupe, anajifuta mikono.

"Kuna tatizo?" akauliza.

"Hakuna. Nilitaka kukushukuru. Vitunguu umevipa muda wake."

Akanitazama, akaanza kucheka, akaniita kwa neno la heshima la Kihaya. "Waitu, wewe ni wa wapi? Hebu sema tena 'vitunguu'."

Nikasema tena.

"Izimbya," akasema. "Au karibu na hapo. Mimi ni wa Muleba."

Jina lake Kemilembe. Alikuwa amefundishwa kupika na masista, akaja Dar es Salaam kuwa msaidizi wa jikoni, na Mesie alipoona jinsi anavyoonja akamwachia sufuria moja, kisha jiko lote. Nilirudi Jumanne iliyofuata, na iliyofuata. Mzee Hamisi alinisikiliza siku moja nikieleza samaki wa hapo, akafungua macho yote mawili. "Kijana," akasema, "hayo si maelezo ya samaki."

Wageni wangu niliwapeleka pale kwa moyo mweupe. Mabalozi, wahandisi, wazee waliokuja kuona wanyama na wakakumbuka kwao. Wengine walirudi hotelini macho yamelowa. Mgahawa ukachangamka, Mesie akanunua viti vipya. Mwaka uliofuata mimi na Kemilembe tukafunga ndoa Muleba, kwenye parokia ya kwao, na Mzee Hamisi alisafiri safari yote ile akasimama upande wangu kama baba.

Nilipomaliza likizo na kurudi kazini, nikaenda mwenyewe ofisini kwa Mzee Hamisi. Kulikuwa na sheria kwenye meza yetu kwamba konsiaji hampeleki mgeni kwa ndugu yake wala kwa rafiki anayemfaidi. Bila sheria hiyo ushauri wetu ungegeuka biashara ya uchochoroni. Aliijua na mimi niliijua.

"Kuanzia leo," akasema, "jina la mgahawa ule lisitoke kinywani mwako."

Nikalitii neno lile. Mgeni akiuliza chakula cha Kifaransa, nilitaja migahawa mingine, mizuri ya kutosha, na kila nilipoitaja nilihisi nimemeza kitu kisichotafunwa. Meza za Upanga zikaanza kupungua watu. Kemilembe alikuwa anarudi nyumbani mapema. Jioni moja, akimenya ndizi, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Leo umewapeleka wapi?"

Nikamtajia.

"Pale wanatumia mchuzi wa vidonge vya dukani."

"Ninajua."

"Unajua, na bado unawapeleka. Ili wewe uonekane mwaminifu, mgeni ale vidonge." Akaweka kisu chini. "Mesie amesema akishindwa kodi anafunga. Mimi siombi unipendelee. Nakuomba useme kweli. Si hiyo ndiyo kazi yako?"

Tulikula, na kwa siku nyingi tukaishi kwa adabu tupu, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni kama wageni wa hoteli. Nilikuwa na hofu kwamba nitampoteza nikiwa naye chumba kimoja.

Mwishowe nikaomba kuonana na Meneja Mkuu. Alikuwa mama mkali, mtu wa kusini, aliyeanza kazi kwenye chumba cha kufulia na kupanda ngazi moja moja. Nikamweleza yote waziwazi: kwamba mgahawa wa Kifaransa ulio bora kuliko yote jijini ninaujua, kwamba mke wangu ndiye anayepika, kwamba sheria naikubali, na kwamba kila siku ninawapa wageni ushauri wa pili wakati wa kwanza ninao.

"Unataka niondoe sheria?" akauliza.

"Hapana, mama. Nataka aende mtu mwingine aonje."

Akaniangalia juu ya miwani. "Rudi kwenye meza yako."

Hakuniambia kama amekwenda. Kemilembe ndiye aliyenisimulia: mama mmoja alikuja peke yake mchana, akaagiza supu, samaki na kitamutamu, akamaliza vyote, akafuta sahani kwa mkate, akalipa, akaondoka. Kesho yake Meneja Mkuu alishuka hadi mapokezi, jambo alilofanya mara chache, akatuita mimi na Mzee Hamisi.

"Mke wako anajua kazi," akasema. "Sheria inabaki. Mgeni akiuliza chakula cha Kifaransa, wewe unainuka, unampa mwenzako kiti, naye anamwelekeza atakavyoona. Wewe hutasema lolote, wala hutakonyeza jicho."

Basi hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote iliyobaki. Jambo nililolijua kuliko mengine yote halikuwa tena langu kulisema. Mgeni akitamka "Kifaransa" nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasogea kando karibu na chungu cha maua, na kumsikiliza mwenzangu akielekeza: pita hospitali, kunja kushoto, tafuta mlangilangi. Nilikuwa ninaona wivu, nisifiche. Lakini Kemilembe akaacha kurudi mapema, na nyumbani vicheko vikarudi. Jumanne mchana nilikuwa na ruhusa ya saa yangu ya chakula. Nilikaa kwenye meza ya pembeni, na yeye alikuwa anatoka jikoni, anavuta kiti, ananitazama nikila. "Sema," ananiambia. Mimi namweleza kilichoingia kwanza, kilichofuata, na mahali alipochoka. Sikuwahi kukosea mahali alipochoka.

Mzee Hamisi alistaafu kabla yetu akarudi Bukoba, na Mungu alimchukua akiwa ametulia nyumbani kwake. Mimi nikapewa cheo chake. Mesie alizeeka, watoto wake wakaja kumchukua kumpeleka kwao. Alimkumbatia Kemilembe pale uani, wote wawili wakiwa na aproni, na nyumba ikapangishwa kwa watu wa vifaa vya ofisi. Kemilembe alipika hoteli nyingine miaka michache, mpaka magoti yakakataa kusimama. Tukastaafu karibu pamoja, tukaja Muleba kwenye kibanja cha wazazi wake, shamba la migomba na mibuni.

Tulikuwa na mpango. Kando ya barabara kuu, mabasi ya Biharamulo yanapopita, tulitaka kujenga kibanda cha meza nne. Alisema atapika sato wa ziwani kwa siagi, na ndizi zetu kwa namna ambayo hata Wafaransa wangeomba kufundishwa. Alikuwa amekwishachagua mahali pa dirisha. Kisha maradhi yakaja, ya ndani, ambayo hayakungoja mtu. Tumemlaza kibanjani, upande wa mibuni.

Watu huniuliza kama ninaikumbuka kazi. Naikumbuka. Nakumbuka koti lililopigwa pasi, mgeni anayerudi mlangoni akinitafuta kwa macho ili aniambie alikula vizuri. Lakini ukweli ni kwamba mimi nilikuwa mtafutaji, si mpishi. Ulimi wangu unajua kila kitu alichokipika yule mwanamke, na mikono yangu haiwezi hata kimoja. Jirani zangu wananiletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, wema wao sina cha kuwalipa, nami ninakula. Nikimaliza ninabaki nimekaa. Kiti cha pili sijakiondoa.

Binti yetu Asimwe anaishi Nshambya, anapika kwenye nyumba ya wageni huko Bukoba mjini. Kwa mama yake alijifunza nusunusu, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Tata, njoo mchana. Kuna chakula nataka kukiweka kwenye menyu."

Nikapanda basi. Alinikalisha karibu na dirisha, akaniletea sato aliyekaangwa kwa siagi na ndimu, juu yake majani mabichi aliyokata mwenyewe, na pembeni ndizi zilizopondwa laini kwa maziwa. Mkate ulikuwa wa siku hiyo. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

Nilikula polepole. Siagi ilikuwa imeachwa motoni kidogo tu zaidi ya namna ya mama yake, ikatoa harufu ya karanga. Ndizi sikuwahi kuzila hivyo popote. Niliendelea kutafuta ndani ya sahani ile mkono ninaoujua, na sikuupata.

"Tata, sema."

"Si kama cha mama yako," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. "Najua."

"Hukunielewa. Mama yako hakupika hivi, hiki ni chako. Kama ningekuwa bado kwenye meza, ningemleta mgeni hapa."

Akageuka upande wa ziwa, akajifuta uso kwa kona ya aproni. Mhudumu mwenzake alipomwita jikoni akaitikia, akaenda. Mimi nikamaliza sahani, nikaifuta kwa mkate.

Jioni nilipanda basi la kurudi Muleba. Nilipata kiti cha dirishani, na njia nzima, bila kutoa sauti, nilikuwa ninamweleza Kemilembe kilichoingia kwanza kwenye sufuria ya mwanawe, na kilichofuata.