Jogoo Aliyeletwa na Mtani

Nilipokuwa mdogo, huko Njinjo, mama alinitwika mtungi wa togwa nipeleke shughulini kwa mjomba. Nikajikwaa kwenye kisiki, togwa yote ikamwagika mbele ya wazee waliokuwa wanaingoja. Nilijua nachapwa. Nikasema, hata ardhi ilikuwa na kiu. Wazee wakacheka, mmoja akajifuta machozi, na fimbo sikuiona. Shule niliishia darasa la tatu, lakini somo lile halikunitoka: ukiwachekesha watu, hawakuchapi. Nimeishi nalo hadi uzee huu. Nilichekesha harusini, nikachekesha kwenye foleni ya salfa ya kupulizia mikorosho. Msibani pia, maana kwetu mtani anaruhusiwa kulala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Naona nazunguka. Nataka kusema habari ya mtani wangu, na kuisema kunaniuma.

Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Mtani akiingia uani kwako akakamata kuku, huna pa kushtaki. Kuku zangu amezila sana, nami nimevaa kofia zake mpaka zikachakaa.

Mwaka juzi muuguzi wa zahanati alituita ofisi ya kijiji. Walikuwa wamefariki watu wawili kwa kujiua, misiba ile inayosemwa kwa sauti ya chini. Akataka wanakijiji wachache wafundishwe kuwasikiliza wenzao waliozidiwa na mawazo. Wakanitaja mimi, eti napendwa na watu. Siku ya kwanza nilikaa nyuma nikitia mizaha. Siku ya pili sikwenda kabisa, nilikuwa Nangurukuru, nimekwenda kununua betri za redio nikanasa kwenye supu.

Mtani wangu alikuwa amefiwa na mkewe mwaka ule. Asubuhi moja akaja na jogoo kwapani.

"Leo kuku analetwa?" nikamwambia. "Umeishiwa nguvu za kuiba?"

"Chukua, mtani. Nimechoka kumlisha."

"Na baiskeli je?"

Kesho yake akaileta baiskeli. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia nitafute mkokoteni tuimalize nyumba yote. Akaegemea nguzo ya baraza. Macho yake yalikuwa chini.

"Nimechoka, mtani," akasema. "Nimechoka hata kuamka."

Nami nikamjibu, "Basi lala. Godoro nitalifuata baada ya arobaini yako."

Akacheka. Mungu anisamehe, alicheka, nami nikaona nimesema vizuri. Akaondoka polepole.

Jirani yangu, mama mmoja anayekaanga vitumbua ng'ambo ya ua, alikuwa ametusikia. Naye alichaguliwa kule ofisini, na hakukosa hata siku moja. Akaepua kikaango, akamfuata mtani wangu njiani. Alimuuliza waziwazi, bila kuzunguka kama ninavyozunguka mimi, kama anafikiria kujiua. Mzee mzima akakaa chini palepale njiani akalia. Akasema ndiyo.

Mama yule hakumwacha peke yake. Alimwita mdogo wake mtani, wakampeleka zahanati, na zahanati ikawapeleka hospitali. Aliporudi nyumbani, majirani walipokezana kukaa naye, wakipika huko na kulala huko. Mimi sikutiwa kwenye zamu, wala sikuuliza kwa nini.

Siku moja yule mama aliniletea vitumbua, akaketi.

"Baba," akasema, "mtu kuanza kugawa vitu vyake, hilo lilikuwa somo la siku ya pili."

Akainuka akarudi kwenye kikaango chake.

Nilikaa na jogoo yule na baiskeli ile kama mwizi. Kila alfajiri jogoo akiwika natamani kujifunika uso. Baada ya miezi kadhaa nikasikia mtani ana nafuu, amerudi shambani. Nikamfunga jogoo kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaikokota mpaka kwenye mikorosho yake. Nilimkuta anapalilia. Alikuwa amekonda, lakini jembe alilishika sawasawa.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. Akaegemea jembe, ananingoja. Nikashindwa kuvumilia, nikaongeza, "Na huyu jogoo kanikataa, anasema nanuka ukoo mbaya."

Safari hii hakucheka.

"Mtani," akaniuliza, "siku ile niliposema nimechoka, ulinisikia?"

Nilitafuta neno la kuchekesha. Sikulipata.

"Nilikusikia," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa analijua jibu. Akaweka jembe begani. Jogoo hakumgusa, baiskeli hakuitazama. Akashika njia ya kisimani akaenda zake, na mpaka leo hajaingia tena uani kwangu.