Nta Kwenye Mkono wa Treni

Nta ya nyuki ikiyeyushwa hutoa harufu tamu, na harufu hiyo hunichoma moyo mpaka leo. Nilikulia kwenye kiwanda cha mbao cha misheni, nje kidogo ya Busunzu, wilayani Kibondo. Reli iko mbali na milima yetu, lakini sisi tulikuwa na Treni. Ndivyo tulivyoiita injini kuukuu ya mvuke, yenye boila ndefu na magurudumu ya chuma, iliyozungusha msumeno kwa mkanda mpana. Haikwenda popote, ilisimama bandani ikila kuni na kupiga mluzi uliosikika ng'ambo ya bonde. Dereva wake alikuwa baba. Watu walimtania kwamba ni dereva asiyesafiri, naye alicheka nao, lakini mimi nilikwenda shuleni mabega juu. Msaidizi wake, Saveri, alikuwa mchochea moto. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, na yeye, mkewe na watoto walikaa kwenye nyumba ya kiwanda, mlango wa pili kutoka kwetu.

Masika ya mwaka mmoja mkono wa mvuke ulianza kuvuja. Mkono huo ndio uliofungua na kufunga njia ya mvuke. Bila huo Treni haiendeshwi wala haisimamishwi. Baba alizima moto, akaiacha boila ipoe, kisha akafungua nati na kuuchomoa mkono pamoja na fimbo yake ndefu, iliyojaa kutu na chokaa. Akaikwangua, akaisugua kwa mchanga laini na mafuta mpaka ikang'aa. Ilibaki kamba ya kuzibia pale fimbo inapopita. Ile halisi ilitakiwa kutoka Kigoma, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Basi baba akafanya ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Kibondo ni nchi ya asali. Chungu kikipasuka tunaziba kwa nta, mpini ukilegea tunashika kwa nta. Akasokota kamba ya pamba, akaichovya kwenye nta ya moto, akaizungushia fimbo na kukaza. Mluzi ulipolia tena tulishangilia. Hakuna aliyekumbuka kwamba chungu hakikai na mvuke tumboni. Nta ikayeyuka ikatiririka, kamba ikakauka, mvuke ukarudi kufoka. Baba akakaza nati, kesho yake akakaza tena, hadi mkono ukawa mgumu kama umeota mizizi.

Siku ya ajali baba alikwenda nyumbani kula, akamwachia Saveri mkono. Gogo la mninga likakwama kwenye msumeno. Saveri akavuta mkono kwa nguvu zake zote, usifunge. Mkanda ukakatika, ukamchapa kijana mmoja mpasua mbao na kumvunja mguu. Bruda aliyesimamia kiwanda alikuja mbio, akamkuta Saveri peke yake kwenye injini. Hakuuliza mengi. Alisema ni uzembe, na kwamba Saveri aondoke na familia yake juma likiisha.

Usiku ule nyumbani kwetu mama aliondoa vyombo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba Neema, nyamaza. Saveri ana mikono, atapata kazi Kasulu. Sisi tutakwenda wapi na watoto hawa?" Mimi, Neema, nilikuwa nimejikunja kwenye mkeka nikijifanya nimelala, na nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote baba anyamaze. Watoto wa Saveri nilicheza nao kila siku, na bado niliomba hivyo.

Jumamosi wafanyakazi walipokusanyika, mke wa Saveri alikuwa ameshafunga mikeka. Baba akasimama mbele, kofia mkononi. "Bruda, huyu mtu hana kosa. Mkono niliufunga mimi kwa nta, nikaukaza mimi. Saveri alikuta umekwisha kufa." Saveri akamshika mkono: "Mukubwa, acha, yameisha." "Hayajaisha," baba akasema. Saveri alibaki. Baba aliondolewa kwenye injini, na sisi ndio tuliotoka kwenye nyumba ya kiwanda. Tulihamia Kumsenga kulima muhogo. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nililila kwa hasira. Baba akiniita mwanawe kwa Kiha, "Mwana wanje, njoo tupalilie," nilikwenda bila kuitika. Nilimnyima neno lile dogo kwa miaka, na alizikwa kabla sijamwambia kwamba alifanya vizuri.

Sasa naishi Kasulu mjini, ninasimamia mashine za kukamua alizeti. Msimu huu kazi ilipobana niliagiza kava la mkanda lisirudishwe, maana kulifunga na kulifungua kulitupotezea muda. Mkanda ukamkata vidole kijana wetu, Deo. Mwenye mashine aliponiuliza, nilisema Deo alikuwa akichezea simu. Deo kweli ana simu, kwa hiyo neno langu lilikubalika upesi, naye akafukuzwa. Nakutana naye sokoni, mkono umefungwa kitambaa, ananiamkia shikamoo kama zamani. Naitikia marahaba na macho yangu yanatafuta nyanya. Baba alikuwa na darasa la nne na nyumba isiyo yake, akaweza. Mimi nina nyumba ya bati na cheo, nimeshindwa.

Jioni moja nilimweleza binti yangu yote, nikitumaini atanikasirikia. Aliniwekea mboga kwenye sahani, akanishika bega kwa upendo. "Mama, ulifanya vizuri kunyamaza," alisema. "Ungesema, sisi tungekuwa wapi leo?"