Kioo Nilichomnunulia Mama

Nyumbani kwetu Kitengela hata chai ilikuwa na harufu ya mbao. Vumbi la mjakaranda ni jepesi kuliko unga wa ngano. Lilikaa kwenye pazia, kwenye nywele, kwenye ukingo wa kikombe, na ukiamka asubuhi ulilikuta kwenye ulimi, chungu kidogo, kama dawa ambayo hukuandikiwa. Vumbi hilo lilitoka chumba cha nyuma, ambako mama yangu alikuwa na mashine yake ya msumeno wa uzi. Asiyeijua aifikirie cherehani: mahali pa sindano pana msumeno mwembamba kama kamba ya kushonea viatu, unaopanda na kushuka upesi kuliko jicho, na fundi huusukuma ubao taratibu akiuzungusha kwa vidole, hadi majani, maua na majina ya watu yatokee. Mama alirithi mikono hiyo kwa baba yake, mchongaji wa Ukambani, aliyechonga twiga hadi macho yakamzimika. Miaka ya mwisho babu alikuwa akitutambua wajukuu kwa kutupapasa masikio. Sisi tulicheka, tukadhani ni mchezo. Mama hakuwahi kucheka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na kipaji kimoja tu, kupunguza bei. Baba alikuwa karani wa mizigo kule Namanga, akija nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo sokoni nilienda mimi. Nyanya nilizihesabu mara mbili, kwanza kwa macho halafu kwa mkono, kwa sababu macho hudanganywa na mkono haudanganywi. Majirani walianza kuniazima kama watu wanavyoazima ngazi: Mama Mwende, tupe Mwende kidogo, tunanunua sufuria. Hata sadaka niliihesabu mara mbili kabla ya kuitoa, na Mungu hakuwahi kulalamika. Sifa ni pombe, na mimi nilianza kuilewa kabla sijapevuka.

Mwaka huo kanisa letu lilikuwa likimalizia jengo jipya, na mzee wa kanisa, Mzee Kilonzo, alimletea Mama kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mbao kumi na nane za mizabibu, za kuzungushia madhabahu. Kila ubao ulikuwa na matundu arobaini na sita ya kutobolewa na kukatwa kwa ndani, mengine madogo kuliko punje ya mahindi. Mama alikuwa amemaliza tano pale mbuzi wa jirani alipoingia chumba cha nyuma kutafuta lolote ambalo mbuzi hutafuta. Aliangusha kioo cha kukuzia kilichokuwa juu ya mashine, na alipokimbia akajinasa kwenye waya wa taa na kuondoka nayo hadi mlangoni. Mbuzi mmoja, hasara mbili. Mwenye mbuzi alikuja kusema pole, akamkazia Mama macho akaongeza, "Lakini mbuzi yangu haikuumia," kama anayetuletea habari njema.

Gundi ilikuwa inakauka kwenye karatasi za michoro, na Mama hakuweza kuiacha. Akaniita, akanipa pesa na daftari langu la hesabu, lile la miraba, akanifundisha kununua kitu ambacho sikuwahi kununua. Kioo kiwe cha kioo kweli, si plastiki. Kiweke juu ya miraba, alisema, kisha utazame pembeni, si katikati, maana katikati kila kioo ni kizuri. Miraba ikibaki miraba hadi ukingoni, chukua, ikipinda, rudisha. Ukikiinua hadi pale miraba inapoonekana vizuri, mkono wangu wote upite chini yake, la sivyo nitakuwa nikikigonga kila nikigeuza ubao. Taa ziwe mbili, moja kila upande, kwa sababu taa moja hutupa kivuli cha msumeno juu ya mstari, na mkono hufuata kivuli ukidhani ndio mstari. Na kabla ya kulipia taa, washa, kisha upunge kalamu chini yake haraka haraka. Ukiona kalamu moja iliyofifia kama moshi, taa ni nzuri. Ukiona kalamu nyingi zilizosimama moja moja, taa inapepesa, na msumeno chini yake utaonekana umesimama ilhali unakata. "Umesikia? Si bei, Mwende. Kitu kwanza." Nikasema nimesikia. Sikio halikuwa na shida.

Sokoni nilianza kwa mzee fundi wa saa, aliyekuwa na kioo kizito chenye mkono wa chuma na taa mbili za shingo ndefu. Nilikiweka juu ya miraba; miraba ilisimama kama askari. Nikapunga kalamu, moshi mtupu. Nikataja bei yangu. Mzee hakuinua hata uso kutoka kwenye saa aliyokuwa akiifungua. "Bei ni ile nimesema, mama mdogo. Hapa hatuimbi." Nikajaribu mara ya pili, nikajaribu kuondoka ili aniite. Hakuniita. Nimeondoka madukani mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuondoka nikahisi mgongo ukiwa baridi namna ile.

Hatua kumi mbele, kijana mmoja alikuwa amepanga bidhaa zake juu ya turubai: tochi, chaja, nyembe, na kioo kikubwa cha plastiki kilichozungukwa na taa ndogo ndogo kama taji. Yeye alipenda kuimba. Alianzia juu, nikaanzia chini hadi akashika kichwa. "Wewe mtoto, umetumwa na nani uniue?" Nikamwambia nimetumwa na mtu anayejua kazi. "Basi ongeza kidogo, nipate nauli ya kwenda kujizika!" Watu wakaanza kusimama. Kila niliposhuka walipiga mluzi, na kila alipolalamika walicheka, na katikati ya kelele zile nililiweka daftari chini ya kioo kwa sababu nilikuwa nimeagizwa. Katikati, miraba ilikuwa safi. Pembeni ilikuwa imepinda kama waya wa senyenge ulioegemewa na ng'ombe. Nikapunga kalamu. Zilikuwa tano. Nikapunga tena, nikahesabu tena. Tano. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiuza shanga kando yetu, uzi mdomoni na shanga kiganjani, alikuwa akinitazama. "Ngerai," akasema, yaani mtoto, "bei imeshuka. Na kitu je, haijashuka?" Watu wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Nikalipa upesi, kwa nusu ya nusu ya bei ya kwanza, nikaondoka nikipigiwa makofi.

Nyumbani nilimpa Mama chenji yote. Naisema hiyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijitetea nayo: sikuiba hata senti. Mama alitazama chenji, akatazama kioo, akauliza, "Miraba ilikuwa sawa?" Nikasema sawa. "Hadi pembeni?" Hadi pembeni. "Na kalamu?" Moja, Mama. Angeweza kupima mwenyewe, daftari lilikuwa mkononi mwangu. Hakupima. Alikuwa na gundi vidoleni na mbao kumi na tatu mbele yake, na aliniamini. Watu husema cha rahisi ni ghali, lakini hawasemi ni nani hulipa.

Ubao wa kwanza uliharibika siku hiyo hiyo. Mzabibu ulipofika pembeni uliacha mstari ukaingia kwenye jani. Mama alidhani ni uchovu. Akafuta kioo kwa kanga, akafuta macho kwa kanga ileile, akachukua ubao mwingine. Wa pili ulivunjika shina. Wa tatu, katikati ya kukata, aliukaribia msumeno kwa kidole akidhani umesimama, na ukamchana ncha ya kidole kidogo tu, kiasi cha tone. Akaniita. "Mwende, hebu njoo. Huu mstari umenyooka, ama ni mimi?" Niliinama nikautazama mchoro kwa macho yangu matupu, bila kioo. "Umenyooka, Mama." Ilikuwa kweli kabisa. Sijawahi kusema ukweli mbaya zaidi ya ule. Nilimwona akiketi taratibu, mikono mapajani, akitazama mlangoni kwenye mwanga kama mtu anayepima maji yaliyobaki mtungini.

Jumapili asubuhi alinisuka nywele kama kawaida. Alipofika upande wa kushoto vidole vikaacha nywele, vikashuka kwenye sikio langu, vikalizunguka ukingo wote, pole pole, hadi kwenye ndewe. Nikageuza shingo. Alikuwa amefumba macho. Ndipo nilipojua anachofikiri, na nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema ili aache kufikiri hivyo. Nikayahesabu maneno yake, yalikuwa machache. Nikageukia mbele akaendelea kunisuka.

Baada ya siku chache alienda kwa Mzee Kilonzo na zile mbao tano nzuri, akamwambia macho yake yanaondoka kama ya baba yake, na kanisa litafute fundi mwingine mapema. Mzee akampa pole, waumini wakamwombea, na kazi ikapelekwa kwa fundi mmoja wa Matasia. Mama akapanda gari kwenda Kajiado kumwona daktari wa macho. Alirudi mchana, jua likiwa bado kali, hakuvua hata viatu. Aliingia chumba cha nyuma akaniita nije na daftari la hesabu. Aliliweka chini ya kioo, akatazama pembeni. Akawasha taa, akanipa kalamu. "Punga." Nikapunga. "Unaona ngapi?" Tano, Mama. "Siku ile sokoni zilikuwa ngapi?" Nilitamani mashine iwake yenyewe ifunike sauti yangu. "Tano."

Nilisubiri kipigo. Ningekipokea kama zawadi, maana kipigo kina mwisho. Mama alizima taa tu. "Daktari ameniuliza natumia kioo gani," akasema. "Nikamwambia kizuri, mtoto wangu amekipima." Nililia, nikasema nitaenda kwa Mzee Kilonzo sasa hivi nimwambie. Akanishika bega. "Ukishaenda, utarudi ukiitwa nani? Mtoto wa kike akiitwa mwongo hapa, hilo jina ataolewa nalo. Nimewaambia ni macho. Acha yawe macho." Na kesho yake alikirudisha kile kioo mwenyewe? Hapana. Alikitundika ukutani, akakitumia kutazamia vipele vyetu.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu nilikuwa nimemchoma mwingine, na mwingine huyo ndiye aliyepewa pole, mtaa mzima, kwa ugonjwa asiokuwa nao. Hakuna aliyeleta tena kazi nyembamba kwa fundi asiyeona. Walimletea vibao vya kusukumia chapati, namba za nyumba, herufi kubwa za majina ya vibanda. Alivikata vizuri mno, na kila mteja alisema, jamani, na macho yale! Mama alitabasamu, akapokea sifa asizozitaka kwa ajili ya aibu isiyo yake.

Leo mimi nina duka la vifaa vya mafundi hapa hapa Kitengela. Palipokuwa na malisho ya yule mbuzi pana ghorofa tano, na taa ambazo zamani tulizitafuta soko zima sasa huletwa mlangoni na boda boda, zikiwa na kioo juu na shingo mbili, hazipepesi, na fundi huzipima kwa kamera ya simu badala ya kalamu. Mteja akija nampa kioo na karatasi ya miraba, namwambia atazame pembeni. Akitaka kupunguziwa bei, wakati mwingine nakubali upesi hadi anashuku bidhaa. Wanasema mimi ni mwaminifu. Nimeshindwa kuzoea neno hilo likielekezwa kwangu. Ni kama kuvaa koti lililotolewa mwilini mwa mtu anayesikia baridi.

Mama amepita miaka sitini na anatunga uzi kwenye sindano kabla mimi sijaiona sindano yenyewe. Lakini kanisani bado ni yule mama wa macho. Waumini humwekea benchi la mbele, karibu na madhabahu, mbele ya ile mizabibu: mbao tano zake na kumi na tatu za yule fundi wa Matasia, ambazo ukizitazama kwa makini utaona majani yamenenepa. Jirani humsomea namba ya wimbo sikioni. Mara tatu au nne nimemwambia nataka kusimama siku ya ushuhuda niseme, na kila mara amenijibu kwamba Mzee Kilonzo amekwisha kufa, na hataki watu wazike jambo mara mbili. Mimi hukubali upesi. Hapo ndipo aibu yangu ilipo sasa, si kwa yule mtoto wa miaka kumi na miwili, bali kwa huyu mtu mzima anayeshukuru kukatazwa.

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, binti mmoja mgeni wa kwaya alimshika Mama kiwiko kumteremsha nje. "Pole pole, Mama Mwende, kuna ngazi tatu." Mama akamshukuru, akaanza kushuka akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili binti afurahi. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba Biblia yake. Ngazi ni nne. Mama aliiona ya nne, akaishuka bila neno, na mimi pia sikusema kitu.