Damu ya Ndugu Yangu wa Ziwa

Siku yangu ya kwanza kazini, uhuru ukiwa bado mchanga, Daktari Mkuu alinikabidhi bomba la sindano na onyo. "Bi Muuguzi, kazi hii yataka mkono mwepesi na mdomo mzito." Nilicheka moyoni, maana Amu nzima, kisiwa chetu cha Lamu, ilikuwa ikiujua mdomo wangu.

Haukupita muda wakaja watafiti, madaktari wa Nairobi na wenzao wa ng'ambo. Walitaka kujua kwa nini watoto wengine huchelewa kutembea, kusema na kuelewa. Jibu walilitafuta katika kromosomu, nyuzi ndogo zilizomo ndani ya chembe za mwili, ambazo mtoto huzirithi kwa baba na mama. Sisi tulitoa damu, Nairobi wakaikuza kwenye chupa na kuzipiga picha nyuzi zake, na wale wa ng'ambo wakazisoma picha. Damu ikifa njiani ni kazi bure, kwa hiyo tuliitoa asubuhi ya siku ya ndege, tukaivusha kwa mashua hadi uwanja wa ndege kisiwani Manda ikiwa imeviringishwa pamba.

Kati ya watoto hao alikuwamo Mwanaesha, binti wa Athmani na mkewe Salama. Kabla yake walipata mtoto wa hali hiyo hiyo, akafariki. Mama yake Athmani, Bi Maimuna, alikwisha kata shauri: Salama apewe talaka, tumbo lake lina ila.

Tulipeleka damu ya Salama. Haikuwa na kasoro. Daktari Mkuu akaitaka ya mume.

"Damu ya mwanangu ya nini?" Bi Maimuna alifoka. "Hiyo si ndia ya kufuata. Ukoo wetu hauna ila."

Athmani naye alikataa kuguswa na muuguzi mwanamke. Ndipo nikatumwa mimi. Mama yangu alipougua, Bi Maimuna alininyonyesha pamoja na Athmani, kwa hiyo ni ndugu yangu wa ziwa. Kidini hawezi kunioa, na mimi naweza kumshika mkono bila haya.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "wamuata mke, wampa talaka, kwa kosa usilolijua?"

Alinuna, kisha akakunja mkono wa kanzu.

Majibu yalirudi: nyuzi zake mbili zilikuwa zimeshikana. Yeye halikumdhuru jambo hilo, lakini watoto lingeweza kuwadhuru. Tena huenda alilirithi. Baba yake alikwisha fariki, kwa hiyo Daktari aliomba damu ya mama. Niliogopa. Huyo mama ndiye aliyeninyonyesha.

Mimi na Daktari tuliwakuta ukumbini kwao, Salama akiwa amempakata Mwanaesha. Athmani alitangulia kusema. "Mama, si Salama. Ni mimi."

Bi Maimuna alimgeukia Daktari. "Na wale wangu wawili nilowazika wachanga?"

"Huenda ni hilo hilo," Daktari akajibu. "Wala si kosa la mtu."

"Mamake mume wangu alinambia tumbo langu baya," akasema. "Nimeishi nalo neno hilo mpaka leo." Akamtazama Salama, akavuta mkono wa buibui, akaninyooshea mkono. "Towa, mwanangu."

Nilitoa, huku machozi yakinitoka. Damu yake ilikuwa na alama ile ile.

Nimestaafu siku nyingi. Nyinyi wauguzi wa leo mna mitambo inayosoma kwa upesi ambao sisi hatukuweza hata kuuota, nami nawaonea wivu, sifichi. Lakini nyumba ya mgonjwa bado huingiwa kwa miguu, tena kwa hodi.

Talaka haikutolewa. Bi Maimuna alipofariki miaka mingi baadaye, Mwanaesha alikuwa amemshika mkono, na aliyemfumba macho ni Salama.