Mara Tatu za Mama Isoken

Mama Isoken hatazami vitufe. Miaka minane yuko chini ya mwavuli wake kando ya barabara pale Uselu na mashine ya kadi, akiwatolea watu pesa zao za benki, na kidole chake hakikosei namba kama mkono usivyokosea njia ya mdomo. Mimi huchoma ndizi hatua mbili kutoka kwake, najua ninachosema. Ndiyo maana wazee wasioona vizuri humtajia namba zao za siri, naye akawabonyezea. Bibi Omonuwa huitaja yake kwa sauti kubwa kuliko mhubiri. Benki wanakataza kila siku, lakini benki ni nani mbele ya Mama Isoken?

Mashine aliinunua kwa kuuza ushanga wake wa marijani wa harusi. Mumewe alipofariki bila mtoto wa kiume, shemeji yake Ogieva alikuja akasema nyumba hairithiwi na sketi. Magodoro yakatupwa kwenye mvua. Nyumba yenyewe ni ile aliyoibebea matofali kichwani akiwa na mimba ya Isoken! Miaka yote hiyo alikuwa akiniambia, “Ipo siku atavihitaji vidole vyangu.”

Jumamosi moja Ogieva akatokea. Alikuwa anakwenda kumzika baba mkwe, na kwetu mkwe haendi msibani mikono mitupu. Sharti mbuzi, vinywaji na wapiga ngoma, huku wakwe wakikutazama. Wapiga ngoma walikuwa wanamngoja garini. Muuza mbuzi alimfuata nyuma kashika kamba, hamwachii mnyama mpaka aone pesa. Miavuli mingine yote ilikuwa imeishiwa noti.

“Mke wetu,” akasema, kana kwamba jana walikula sahani moja. “Naira laki mbili. Bonyeza wewe, mtoto wa jicho kanimaliza. Nne, saba, moja, moja.”

Nikaacha ndizi ziungue.

“Karibu, shemeji.” Akabonyeza nne, saba, moja, nne. Nilikiona kidole. Mashine ikalia. “Imekataa. Au umeisahau?”

“Niisahau vipi? Rudia!”

Akarudia vilevile. Ikalia tena.

“Sasa nisikilize,” akasema Mama Isoken. “Imebaki mara moja. Ikikataa tena, kadi inafungwa mpaka benki ifunguliwe Jumatatu. Kabla sijabonyeza, waambie hawa watu: matofali ya ile nyumba aliyabeba nani?”

“Acha utoto! Watu wananingoja.”

“Hata mimi nilingoja, kwenye mvua. Aliyabeba nani?”

Foleni nzima ikasogea karibu. Muuza mbuzi akadakia, “Mzee, si useme tu? Jua linampiga mbuzi wangu.”

“Wewe,” Ogieva akanong'ona.

“Mbuzi hajasikia,” akasema Mama Isoken.

“Ni wewe! Uliyabeba wewe! Haya, bonyeza!”

Nilidhani yameisha. Adui akikiri mbele za watu, moyo hupoa, ndivyo tulivyofundishwa. Mama Isoken alijifuta machozi kwa kiganja, akainamia mashine, na kwa mara ya kwanza nikamwona akivitazama vitufe. Nne. Saba. Moja. Nne.

Kadi ikafungwa. Muuza mbuzi akamkokota mbuzi wake akaenda zake, na wapiga ngoma wakashuka garini mmoja mmoja. Nasikia wakwe walimkalisha Ogieva nyuma kabisa, karibu na masufuria. Nilifurahi, sitadanganya.

Lakini Bibi Omonuwa alikuwa kwenye foleni ile. “Huyu hakosei,” akasema taratibu, akairudisha kadi yake kwenye pochi, akaondoka. Jumatatu nikamwona kwenye mwavuli wa ng'ambo ya barabara. Wengine wakamfuata. Waliobaki sasa hubonyeza wenyewe, mkono mmoja ukiziba vitufe.

“Umeumwaga unga wako mwenyewe,” nikamwambia.

Akanitazama bila kupepesa. “Miaka minane nimewabonyezea watu,” akasema. “Mara tatu tu nimebonyeza kwa ajili yangu.”